Prosesa mbili kwenye bodi moja: kwa nini mashine inawaka lakini haikupi ulichonunua

Kuna kijana aliniletea mashine yake. Anachora nyumba za watu na kazi yake kubwa ni kurenda, yani kompyuta inakaa inapika picha ya nyumba ambayo haijajengwa bado ili mteja aone sebule yake itakavyokuwa. Alikuwa amekusanya vifaa kidogokidogo karibu mwaka mzima, vingine Kariakoo, vingine vimekuja na mizigo ya Dubai: prosesa mbili za Xeon E5-2680 v4 (Xeon ni prosesa za Intel za seva na mashine za kazi nzito), bodi ya soketi mbili, yani yenye nafasi mbili za kukalisha prosesa, RAM nane za GB 16. Hesabu yake ilikuwa nyepesi, prosesa moja ina viini 14 (core, vile vitengo vinavyofanya hesabu) kwa hiyo mbili ni 28, RAM 8 mara 16 ni GB 128. Mashine imewaka vizuri, Windows imefunguka, kaingia kuangalia anakuta viini 14 na RAM GB 112. Hamna mlio, hamna meseji ya kosa, hamna kitu kinacholalamika, na picha ya sebule inachukua muda uleule iliokuwa inachukua kwenye prosesa moja.

Hii kitu nimeiona mara nyingi sasa na inaniuma kila mara, kwa sababu mtu amejinyima kununua hivyo vifaa na kila kimoja peke yake ni kizima. Tatizo ni kukaa pamoja.

Kompyuta ya prosesa mbili watu wanaifikiria kama kompyuta moja yenye nguvu mara mbili, ndiyo maana wanakosea kununua. Ifikirie kama nyumba ya wake wawili. Kila mmoja ana jiko lake, ana stoo yake ya unga, ana mlango wake wa kupokea wageni, na katikati kuna korido. RAM ulizochomeka upande wa prosesa ya kwanza ni stoo ya huyo wa kwanza, zile za upande wa pili ni stoo ya mwenzake. Sloti za kadi hivyohivyo, kuna za huyu na za yule. Na umeme kila mmoja ana waya wake. Ukishaishika hiyo picha, karibu matatizo yote ya kutokubaliana yanaanza kueleweka, maana kila kifaa unachonunua inabidi ujiulize hiki ni cha jiko lipi, na mwenzake anacho cha kwake?

Jina la prosesa lisome kabla ya bei

Hapa ndipo pesa inapotea kabla hata boksi halijafunguliwa. Xeon za ukoo wa E5 majina yake yanasomeka. Chukua E5-2680 v4, ile namba ya kwanza baada ya kistari, hapa ni 2, ndiyo inayosema prosesa hii inaweza kukaa kwenye bodi ya prosesa ngapi. Ikiwa 1 inakaa peke yake, 2 zinakaa mbili, 4 mpaka nne. Sasa E5-1650 v4 ni prosesa nzuri, ina viini 6 vyenye spidi, soketi yake ni ileile LGA2011-3, itaingia kwenye bodi yako ya soketi mbili bila shida na kishikio kitafunga, lakini ukiweka mbili hazitazungumza hata siku moja, kwa sababu ile korido ya kuzungumzia, Intel wanaiita QPI, kwenye ukoo wa 1600 haijafunguliwa. Core i7 za soketi hiyo nazo ni hivyohivyo. Ryzen hakuna inayokaa mbili. Upande wa AMD zinazokaa mbili ni EPYC, na hata hapo uangalie herufi ya mwisho, 7402P ile P maana yake ni ya soketi moja tu.

Zamani haikuwa hivi. Mwaka 1999 kampuni ya Abit ilitoa bodi inaitwa BP6 ikawa inapokea Celeron mbili, zile prosesa za bei ya chini kabisa, na watu wakajenga mashine za prosesa mbili kwa hela ndogo. Baadaye Intel wakaufunga mlango huo kwenye Celeron zilizofuata, na toka hapo uwezo wa kukaa wawili umekuwa kitu cha kulipia.

Alafu hizo mbili zifanane. Nikisema zifanane sio zote ziwe Xeon, wala sio zote ziwe v4. Ziwe modeli moja, 2680 v4 na 2680 v4. Ukichanganya 2680 v4 na 2690 v4, zote zina viini 14, soketi moja, kizazi kimoja, bado Intel hawaruhusu na bodi nyingi zinagoma. Muuzaji akikwambia "hizi ni sawasawa tu kaka" mwombe akupigie picha ya juu ya prosesa zote mbili. Kwenye kile kifuniko cha chuma kuna maandishi, tafuta neno fupi la herufi tano linaloanza na SR. Hicho ndicho kitambulisho chake. E5-2680 v4 inaandikwa SR2N7. Zote mbili ziwe na kitambulisho kimoja, basi.

Kwa nini niwe mkali hivyo? Kuna E5-2670 ya kwanza, ile ya 2012, imetoka ikiwa na vitambulisho viwili, SR0H8 na SR0KX. Jina moja, viini 8 zote, lakini SR0H8 ilikuwa na kasoro kwenye VT-d, ule uwezo wa kuikabidhi kadi moja kwa moja kwa mashine pepe, yani kompyuta ya programu inayoendeshwa ndani ya kompyuta. Mtu anayerenda hataijua tofauti maisha yake yote, mtu anayeendesha mashine pepe kumi ataisumbukia miezi. Na ukikuta juu pameandikwa INTEL CONFIDENTIAL badala ya jina, hiyo ni sampuli ya majaribio, ilitengenezwa kabla bidhaa yenyewe haijakamilika, bodi nyingine inaipokea na nyingine haiitambui kabisa. Bei yake inavutia. Mimi siwekei mteja.

Soketi ya pini 2011, vizazi vinne

Xeon E5 za 2600 zimekuja kwa awamu nne: ya kwanza isiyo na v ni 2012, v2 ni 2013, v3 ni 2014, v4 ni 2016. Mbili za mwanzo zinakaa soketi LGA2011 na zinatumia RAM ya DDR3. Mbili za mwisho zinakaa LGA2011-3, RAM ni DDR4. Hesabu ya pini ni ileile 2011 ndiyo maana watu wanachanganya, ila vile vipengo vya pembeni havilingani na usilazimishe, pini za soketi hizi ziko kwenye bodi na ni nyembamba kuliko sindano, ukikandamiza umeua bodi.

Ndani ya kundi moja pia hujamaliza. Bodi ya v3 inaweza kupokea v4 ila mpaka bayosi, ile programu ya ndani ya bodi inayoiwasha mashine kabla ya Windows, iwe mpya, na kuweka bayosi mpya mara nyingi unahitaji mashine iwake, na mashine haiwaki kwa sababu prosesa ni v4. Kwa hiyo mtu unajikuta unatafuta v3 moja ya kuazima ili uwashe, uweke bayosi, uitoe. Mafundi wenye akili wana E5-2603 v3 moja kwenye droo kwa kazi hiyo tu.

Na kuna hii ya HP Z820, na wadogo zake Z420 na Z620, nataka uishike vizuri kwa sababu hizi mashine zipo nyingi kwenye used. Z820 zipo za aina mbili na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Ndani ya bayosi, kwenye ukurasa wa taarifa za mashine, kuna mstari wa tarehe ya butibloki. Ikisoma 12/28/2011 hiyo bodi ni ya prosesa za awamu ya kwanza peke yake. Ikisoma 03/06/2013 inapokea na v2. Watu wanapakua bayosi mpya wanaiweka wanadhani wamemaliza, lakini butibloki ni sehemu ya chini kabisa ambayo apdeti haiigusi, itabaki na tarehe yake ileile. Kwa hiyo unaponunua Z820 ukiwa na mpango wa kuweka v2, iwashwe mbele yako, ingia bayosi, soma tarehe, ndipo utoe hela.

Kwenye hizi mashine za makampuni kuna jambo lingine, neno "dual" kwenye tangazo. Z620 na Z640 zinaweza kuwa na prosesa mbili, ni kweli, lakini soketi ya pili haiko kwenye bodi kuu. Iko kwenye kibodi cha pembeni kinachochomekwa, mafundi wanakiita raiza, na kina feni yake na sloti zake za RAM. Mashine nyingi zinazoshushwa hapa raiza haimo. Utafungua kesi utakuta soketi moja na nafasi tupu, na kukitafuta hicho kibodi peke yake ni safari nyingine. Kama unataka ya mbili bila maneno, Z840 au Dell Precision T7910 soketi zote mbili zimekaa kwenye bodi.

Bodi na kesi

Bodi za prosesa mbili ni kubwa. Nyingi zinafuata kipimo kinaitwa SSI EEB, milimita 305 kwa 330. ATX ya kawaida ni 305 kwa 244. Kuna kesi zinaandikwa E-ATX na kwa vipimo vya kwenye karatasi E-ATX nayo ni 305 kwa 330, ila kesi nyingi za sokoni zinazojiita hivyo zinaishia bodi ya upana wa 272 au karibu na hapo, alafu hata ikienea, matundu ya skrubu hayako sehemu zilezile.

Hili la matundu lilinipata mwenyewe nilipokuwa naanza. Nilifunga bodi ya EEB kwenye kesi ambayo vile vinguzo vya shaba vya kuinulia bodi tayari vilikuwa vimefungwa, sikuvihesabu. Nikabonyeza pawa, feni zikajigusa nusu mzunguko zikasimama. Nikabonyeza tena, hivyohivyo. Nikabadilisha RAM, nikatoa prosesa moja, nikazima nikawasha mpaka saa nne usiku. Nilipoitoa bodi nje nikaigeuza ndipo nikaona, karibu na ukingo kuna alama ya duara imechubuka juu ya nukta za risasi, saizi ileile ya kinguzo. Kilikuwa chini ya bodi mahali ambapo hapana tundu, kinaigusa, kinapiga shoti. Nikakitoa mashine ikawaka, ila sehemu moja ya kuchomeka feni haikurudi tena. Tangu siku hiyo nikipata kesi natoa vinguzo vyote, naweka bodi, naangalia matundu yake kwa tochi, ndipo narudisha kimojakimoja.

Kuhusu bodi za Kichina zinazouzwa kwa jina la X99 Dual, jua tu kwamba X99 kwa Intel ni chipu ya bodi ya prosesa moja, ya Xeon mbili ni C612. Jina la kwenye boksi ni la kuuzia. Nyingine zinafanya kazi nzuri, ila hesabu sloti za RAM kabla hujanunua. Prosesa moja ya E5 ina chaneli nne za RAM, yani njia nne za kuvutia data kutoka kwenye RAM, kwa hiyo chini ya sloti nne kwa kila prosesa maana yake kuna chaneli zimeachwa, na uwezo umeupoteza kabla hujawasha.

RAM ndiyo yenye maneno mengi

Kwanza aina. DDR4 ya kompyuta ya mezani ya kawaida na DDR4 ya seva zina umbo moja, pini 288 zote, zinaingia sloti moja. Lakini kuna za kawaida na kuna zenye rejista, na kuna za tatu zenye bafa. Hazichanganywi. Sio "zinapunguza spidi", hazichanganywi kabisa, mashine haiwaki. Na bodi nyingi za Xeon mbili zinataka zenye rejista, sasa mtu analeta RAM zake alizotoa kwenye kompyuta ya gemu anashangaa.

Kuzitofautisha sio kazi. Shika RAM mkononi usome stika. Utaona kitu kama 16GB 2Rx4 PC4-2400T-RA1. Ile 2400 ni spidi. Herufi ya kwanza baada ya kistari cha mwisho ndiyo unayoitafuta: R ni ya rejista, U ni ya kawaida, E ni ya kawaida yenye kurekebisha makosa, L ni ile ya bafa. Stika ikiwa imechanika angalia RAM yenyewe, ya rejista ina chipu moja ndogo ya ziada katikati, imekaa tofauti na zile nyeusi zilizopangwa mstari. Ya bafa ina na vichipu vidogo vimejipanga chini karibu na meno ya dhahabu. Ya kawaida katikati hamna.

Spidi haina ugomvi mkubwa, v3 inakwenda mpaka 2133 na v4 mpaka 2400, ukiweka ya 2666 itashuka yenyewe. Bora ziwe za aina moja zote.

Pili ni kuzigawa. Hapa turudi kwenye yale majiko mawili. RAM nane, nne kwa huyu na nne kwa yule, kila chaneli moja. Nimeona mtu amejaza nane zote upande mmoja kwa sababu sloti zilikuwa karibu na mkono wake. Bodi nyingine inagoma, nyingine inawaka na inaonyesha GB 128 kamili, kila kitu kinaonekana sawa, lakini prosesa ya pili haina hata kibaba cha unga stoo kwake. Kila kitu kidogo inachotaka inapita korido kwenda kuomba kwa mwenzake, inasubiri, inarudi. Prosesa ya v4 yenye chaneli zote nne inaweza kuvuta mpaka GB 76.8 kwa sekunde kutoka kwenye stoo yake, korido haina uwezo huo, na pia ni ndefu. Mtu anasema Xeon mbili hazina lolote. Zina lolote ndugu yangu, mmoja tu umemnyima jiko.

Na upande wa pili wa habari hiyohiyo: ukiweka prosesa moja kwanza ili ya pili uje uongeze ukipata hela, jambo la busara kabisa, sloti za RAM za upande mtupu zimekufa mpaka mwenyewe aje. Na sloti za kadi pia. Kila prosesa ya E5 inaleta njia 40 za PCIe, zile zinazolisha sloti za kadi, na sloti kadhaa kwenye bodi zimeunganishwa na prosesa ya pili. Mtu anachomeka kadi ya grafiki sloti ya chini, skrini nyeusi, anakimbilia kusema kadi imeungua. Fungua kitabu cha bodi, kuna mchoro unaoonyesha sloti ipi ni ya prosesa ipi. Kadi kubwa iweke kwenye sloti ya prosesa ya kwanza.

Umeme, hapa taratibu sana

Bodi ya prosesa mbili inataka ule waya mkubwa wa pini 24 na waya mbili za pini 8, kila prosesa wake. Pawa saplai nyingi za bei ya kawaida zina mmoja tu wa prosesa. Sasa mtu anaangalia anaona kuna waya mwingine wa pini 8 unaning'inia, ule wa kadi ya grafiki, anaona unafanana, anausukuma. Naomba sana usifanye hivi. Huo wa prosesa una nyaya nne za volti 12 na nne za ardhi, huu wa kadi una tatu za volti 12 na tano za ardhi, na zimepangwa kinyume, pale mwenzake alipoweka ardhi huyu ameweka volti 12. Ukiulazimisha ukaingia ni shoti moja kwa moja. Namna ya kuzijua bila hata kusoma: wa prosesa ukigawanyika unagawanyika nne na nne, wa kadi unagawanyika sita na mbili. Kwa hiyo kabla hujanunua pawa saplai geuza boksi uhesabu, iwe na mbili za nne na nne.

Na zile pawa saplai ambazo waya zinachomolewa, usichanganye waya za moja na nyingine. Upande wa bodi ni sanifu, upande wa pawa saplai kila kampuni inapanga inavyotaka.

Watt ni hesabu ya kawaida tu. E5-2680 v4 mbili ni 120 mara mbili, ongeza kadi ya grafiki, kwa mfano RTX 3060 ni 170 na RTX 3090 ni 350, ongeza RAM, diski na feni, alafu usiibane pawa saplai mpaka mwisho. Z840 na T7910 zinakuja na pawa saplai zao zenye umbo lao na plagi zao, ya dukani haiingii, kwa hiyo ukinunua hakikisha ipo na inafanya kazi.

Feni na hitisinki

Hapa ni fupi ila inarudisha watu dukani. Hitisinki ni kile chuma cha kupoozea prosesa. Soketi hizi zina fremu za aina mbili: ya mraba, matundu ya skrubu yanaachana milimita 80 kwa 80, na nyembamba, 56 kwa 94. Bodi za seva nyingi zinatumia nyembamba ili RAM zienee. Hitisinki ya moja haifungi kwenye nyingine. Pima kwa rula kabla hujanunua. Angalia pia hitisinki zote mbili zinapuliza upande mmoja, na kama moja iko nyuma ya nyingine basi ya nyuma inakula joto la ya mbele, ongeza feni ya kesi.

Wakati wa kufunga skrubu nenda kwa kupishana, huyu nusu mzunguko, yule wa mkabala nusu mzunguko, mpaka zote zikae. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, prosesa inalalia upande, pini za upande mwingine zinagusa kwa shida na unaweza kupoteza chaneli nzima ya RAM bila kitu chochote kuharibika.

Windows nayo ina masharti yake

Windows 10 na 11 Home zinaona soketi moja tu. Pro inaona mbili, Pro ya Workstations inaona nne. Sio kiini, ni soketi, hata ukiwa na prosesa mbili zenye viini vinne kila moja Home itatumia moja na ya pili itakaa inakula umeme bure. Linux haina sharti hilo.

Ukienda juu zaidi, tuseme E5-2699 v4 mbili, kila moja viini 22 na thredi 44 (kiini kimoja kinashika kazi mbili kwa wakati mmoja, kila moja ni thredi), jumla thredi 88, hapo kuna jambo jingine. Windows inapanga thredi kwa makundi na kundi moja haliwezi kuzidi 64. Kwa hiyo 88 inagawa 44 na 44, na programu ambayo haikuandikwa kujua makundi itafanya kazi ndani ya kundi moja tu, nusu ya mashine yako. Windows 11 imelegeza hili, programu inaruhusiwa kusambaa makundi yote bila kuomba, ila Windows 11 yenyewe rasmi haizitambui Xeon za v3 na v4, na Windows 10 msaada wake wa kawaida umeisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mtu wa Blender, ile programu ya kuchora na kurenda, mimi namwambia wazi aijaribu Linux, inafanya kazi vizuri sana kwenye mashine hizi.

Na diski za NVMe, zile SSD za kasi zinazopita njia za PCIe, kwa mashine za awamu ya 2012 na 2013 nyingi zitaiona diski ndani ya Windows lakini haziwezi kuwakia humo. Weka SSD ya kawaida ya SATA kwa ajili ya Windows, NVMe ifanye ya kazi.

Sasa ile mashine ya kijana

Niliingia bayosi kwanza, sio Windows. Bayosi ilikuwa inaziona prosesa zote mbili, viini 28. Kwa hiyo viini vilikuwepo, Windows ndiyo haikuvitaka: ilikuwa Home. Hiyo ilimalizika kwa kubadilisha leseni kuwa Pro, hata kufuta hatukufuta, ikazima ikawaka, thredi 56 zikajaa kwenye skrini.

RAM ndiyo ilitukalisha. GB 112 maana yake moja kati ya nane haionekani. Bayosi ikasema ni sloti moja ya upande wa pili. Nikaitoa ile RAM nikaiweka sloti nyingine, ikaonekana, kwa hiyo RAM ni nzima. Nikaweka nyingine iliyokuwa nzima kwenye ile sloti, haikuonekana. Nikalegeza hitisinki nikakaza upya kwa kupishana, bado. Nikabadilishana prosesa, ya kwanza ikaenda soketi ya pili na ya pili ikaja ya kwanza, tatizo likabaki palepale soketi ya pili. Hapo sasa hata kabla sijaangalia nilishajua.

Tukaitoa prosesa, nikazima taa ya juu nikaweka tochi ya simu pembeni, mwanga uje kwa ubavu. Pini zikiwa zimekaa sawa mwanga huo unazifanya zote zing'ae kwa mpango mmoja, kama shamba la mpunga upepo ukipita. Karibu na kona palikuwa na doa, nukta moja haing'ai. Nikapiga picha nikaikuza: pini moja imelala imeegemea ya jirani. Nikachukua sindano nyembamba na kioo cha kukuzia cha sonara, mkono nikauegemeza mezani, nikaiinua kidogo, nikaangalia, nikaiinua tena kidogo, ukiivuta kwa nguvu mara moja inakatika na habari imeishia hapo. Ilichukua kama dakika ishirini, kijana amesimama nyuma yangu hapumui.

Tukarudisha prosesa, hitisinki, tukawasha. GB 128. Akafungua sebule yake ileile, akabonyeza renda, vile viboksi vidogo 56 vikaanza kutembea kwenye picha vyote kwa pamoja, na akavuta kiti akakaa kuviangalia.